Tumezingatia Nini Katika Mbingu?

  

Ndugu zetu Waislamu wa Malindi na Mambrui, wa Ngomeni, wa Takaungu na Kilifi. Juma chache zilizopita, baada ya kwisha darasa ya alasiri, alitujia mzee mmoja miongoni mwa wahudhuriaji wetu, akangoja mpaka watu wakatawanyika. Kisha akatwambia: "Shekhe, binti yangu amemaliza skuli na amefaulu vyema. Ataka kwenda chuo kikuu kusoma fizikia ya nyota. Nduguze wamenijia juu. Mmoja asema elimu hiyo ni ya makafiri, haina kheri kwetu. Mwengine asema elimu zote zimo ndani ya Qurani, basi atafuta nini nje? Na shangazi yake alia, maana kwake yeye mtu wa nyota ni mpiga ramli. Nami sijui nimshike nani. Nifanyeje?"

Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba muhula wa juma moja, na sababu yake tutaieleza bila ya kuficha, kwani mwenye kuwafundisha watu toba hana budi kuanza na nafsi yake.

Miaka mingi nyuma, tulipokuwa wageni katika kazi hii ya kusomesha, kijana mmoja kutoka upande wa Ngomeni alituuliza katikati ya darasa: "Vile vyombo vilivyorushwa baharini kwetu vilikwenda kutafuta nini huko juu?" Sisi hatukujua jibu. Badala ya kusema hatujui, neno ambalo wanavyuoni wakubwa wa umma huu hawakuona haya kulisema, tulimkemea mbele ya wenziwe, tukamwambia aulize ya wudhuu wake kwanza. Akanyamaza. Mwezi haukwisha akawa haji tena. Hatukumkemea kwa sababu ya dini. Tulimkemea kwa sababu ya ujinga wetu, tukauvisha ujinga huo kanzu ya dini. Mwenyezi Mungu atusamehe. Basi mzee huyu alipotujia na khabari ya binti yake, tulikhofia kutenda kosa lile lile mara ya pili, na mara hii kosa lingemfunga mtu mlango wa maisha yake. Ndipo tukakaa kusoma na kuwauliza wajuao, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Watu wa elimu wametambua kwamba dunia hii hunyeshewa usiku na mchana na mvua isiyoonekana. Si ya maji. Ni ya vijipande vidogo mno vya atomu, vinavyokuja kutoka mbali kwa kasi inayokaribia kasi ya nuru. Wameiita miale ya kosmiki, yaani miale itokayo katika ulimwengu wa nje. Kiasi cha tisa katika kila kumi ya vijipande hivyo ni vile vinavyoitwa protoni. Vikifika juu ya hewa yetu huigonga, vikazaa vijipande vyengine, na hivyo vikazaa vyengine, mpaka yakatufikia huku chini matone ya mwisho ya mvua hiyo, yaitwayo muoni. Hapa usawa wa bahari, mahali penye upana wa ukucha wa kidole hupitwa na moja hivi katika kila dakika. Basi mtu akinyanyua viganja vyake viwili kuomba dua, muda wa dakika moja hupitwa na zaidi ya mia, wala hahisi kitu.

Aliyeligundua jambo hili ni mtu wa Austria, Victor Hess. Mwaka 1912 alipanda angani kwa puto, akiwa na vipimo vyake, mpaka akafika zaidi ya mita 5,000. Watu walidhani miale hiyo yatoka ardhini. Kama ni hivyo, ingepungua kila akipanda. Yeye akaona kuwa baada ya kupungua kidogo yazidi. Akajua kwamba yatoka juu. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Lakini mtu tunayetaka kusimulia safari yake khasa ni mwengine, kwa kuwa safari hiyo ilianzia Italia, ikapita Afrika ya Mashariki, na tunda lake moja kubwa likachumwa katika maji yetu ya Ngomeni. Jina lake ni Bruno Rossi. Alizaliwa Venice mwaka 1905, akasoma Padua na Bologna, na mwaka 1928 akaanza kazi Florence, kijana mwenye mshahara mdogo na vyombo vichache. Mwaka 1929 alisoma waliyoandika Wajerumani wawili, Bothe na Kolhörster, juu ya miale hii, na akili yake ikawaka. Haukupita muda mrefu akatengeneza chombo cha umeme chenye kutambua ni wakati gani mirija miwili au mitatu ya kuhesabia imepitwa na mwale kwa mara moja. Fikirini mashahidi watatu waliosimama mahali mbali mbali: wakisema wote kwa sauti moja na kwa wakati mmoja kwamba wameona, khabari yao ina nguvu kuliko ya mmoja peke yake. Ndiyo kanuni aliyoitumia. Alikitangaza chombo hicho mwaka 1930, na ile njia ya "hiki na hiki kwa pamoja" ndiyo mojawapo ya misingi ya kompyuta tunazozitumia leo. Kwa chombo hicho akaonyesha kwamba imo miale iwezayo kupenya mita nzima ya risasi ile nzito.

Kisha akafikiri hivi: dunia ni kama sumaku kubwa. Kitu chenye umeme kikipita karibu na sumaku hupindishwa njia. Ikiwa miale hii ina umeme wa aina moja, basi upande mmoja, mashariki au magharibi, utaleta mingi kuliko mwengine, na jambo hilo litadhihiri zaidi karibu na ikweta. Alilisema hili mwaka 1930. Lakini kusema si kuona. Akataka kwenda kupima, akacheleweshwa mpaka mwaka 1933, ndipo yeye na mwenziwe Sergio De Benedetti wakafika Asmara katika Eritrea, mji ulioko juu ya milima kiasi cha mita 2,300 na zaidi. Nchi hiyo wakati ule ilikuwa chini ya utawala wa Kitaliana, na hatusemi kwamba utawala huo ulikuwa wa haki. Wenyeji wa Eritrea wanaujua uchungu wake. Twasimulia kazi ya mtu, hatusifu bendera aliyokwenda chini yake.

Huko akaona kwamba miale itokayo magharibi yazidi itokayo mashariki, na maana yake ni kuwa vijipande hivyo vina umeme chanya. Lakini alipofika mwisho alikuta wengine wamekwisha kumtangulia kwa miezi michache, waliopima jambo lilo hilo katika mji wa Mexico. Fikirini mtu aliyengoja miaka mitatu akakuta shamba limekwisha kuvunwa! Hakutupa jembe. Katika vipimo vyake vya Asmara aliona jambo jengine ambalo hakulitafuta: mirija iliyowekwa mbali mbali mara nyingine hupigwa kwa pamoja, zaidi ya vile ambavyo bahati nasibu ingeweza kufanya. Akaandika kwamba huenda miale ikashuka kama manyunyu mapana. Miaka michache baadaye Mfaransa Pierre Auger alilichunguza jambo hilo kwa upana, na leo watu wa elimu hutandaza vyombo vyao kwenye mabonde makubwa ili kuyapokea manyunyu hayo.

Akarudi Italia kwenye kazi yake ya ualimu mkubwa Padua, akasimamia ujenzi wa nyumba mpya ya fizikia ya chuo kile. Ilipokwisha, hakuikalia sana. Mwaka 1938 dola ya Mussolini ilitoa sheria za ubaguzi juu ya Mayahudi, naye alikuwa Myahudi. Akaondolewa kazini. Akatoka na mkewe kwenda Denmark, kisha Manchester, kisha mwaka 1939 Marekani.

Hapa tunajua kwamba baadhi ya wasomaji wetu watasema: "Shekhe, mtu huyu si Muislamu, tena ni Myahudi, tuna nini naye?" Twajibu: Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Al-Maida kwamba kuchukiana na watu kusitupeleke kuacha uadilifu. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipopitishiwa jeneza la Myahudi alisimama, na alipoambiwa huyo ni Myahudi akauliza kama hiyo si nafsi. Hadithi hiyo imo katika Sahihi mbili. Dhulma ni dhulma, amdhulumuye awe nani na amdhulumiwaye awe nani. Asiyeichukia dhulma anapotendewa mwengine, hana uso wa kuilalamikia anapotendewa yeye.

Huko Marekani Rossi alipanda milima ya Colorado na vyombo vyake, akapima maisha ya zile muoni. Muoni ikizaliwa huishi kiasi cha sehemu mbili katika sehemu milioni za sekunde, kisha huvunjika. Kwa umri huo, hata ingekwenda kwa kasi ya nuru, isingepita mita mia saba. Nazo huzaliwa juu sana, kilomita nyingi kutoka hapa. Basi zatufikiaje? Rossi na mwenziwe walionyesha kwamba zenye mwendo mkubwa zaidi huishi zaidi kuliko zenye mwendo mdogo: wakati wenyewe huzinyoshea, kama alivyosema Einstein kabla yao. Tulipolisoma hilo tulifunga kitabu tukakaa kimya kitambo. Sisi tuliodhani kwamba wakati ni mto mmoja unaopita sawasawa kwa kila kiumbe, kumbe nao ni kiumbe miongoni mwa viumbe, una Mola aliyeupangia.

Wala hatutaficha sehemu ngumu ya khabari. Mwaka 1943 Rossi aliitwa Los Alamos, akawa miongoni mwa wataalamu waliotengeneza vyombo vya kupimia katika kazi ya bomu la atomu. Mwaka 1945 bomu hilo likaangushwa Hiroshima, na jengine Nagasaki, wakafa watoto na vikongwe wasiobeba silaha. Mkono ule ule uliohesabu miale ya mbinguni ulitiwa katika kazi ya kuwaunguza waja. Ni lazima binti yetu na kila kijana wetu aijue sehemu hii pia. Elimu ni kama jahazi yenye tanga kubwa: bila ya usukani wa taqwa itakwenda kwa kasi, lakini itakwenda mwambani. Hoja hii ni ya kumtia mwanafunzi khofu ya Mungu, haimzuii kusoma. Mwenye kuiacha jahazi ufuoni kwa kuogopa mwamba hafiki popote.

Baada ya vita Rossi akasomesha katika chuo cha MIT, na mwaka 1959 akalitoa wazo jipya. Hewa yetu huzuia eksirei zitokazo mbinguni zisitufikie. Wengi walihisabu kwamba hata tukipanda juu ya hewa, nyota ziko mbali mno, hatutaona kitu. Yeye alikuwa na itikadi ya kuwa maumbile yana mengi kuliko akili ya mtu inavyoweza kukisia, na kwamba mahali pasipopata kutazamwa panastahiki kutazamwa. Kijana wa Kitaliana, Riccardo Giacconi, ambaye naye alianzia kazi yake katika miale ya kosmiki, akalichukua wazo hilo. Mwezi wa Juni 1962 walirusha roketi kule New Mexico. Kwa dakika chache tu alizokaa juu, chombo chao kiliona mng'aro mkubwa wa eksirei kutoka upande wa nyota za Nge, ambazo Waarabu wanaziita Akrabu.

Lakini dakika chache hazitoshi. Yakahitajika setilaiti ya kukaa juu miaka. Na kwa sababu nyingi ilifaa irushwe kutoka ikweta: hapo mzunguko wa dunia huisukuma roketi zaidi, na njia ya setilaiti huepuka sehemu kubwa ya ile mikanda ya miale iliyoizunguka dunia, yenye kuvuruga vipimo. Wataliana, chini ya uongozi wa Luigi Broglio, walikuwa wamesimamisha majukwaa ya chuma baharini katika ghuba ya Ungwana, mbele ya Ngomeni, kiasi cha digrii tatu tu kusini ya ikweta. Na tangu 1967 walikuwa wakirusha kutoka hapo. Basi tarehe 12 Disemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ilitoka katika maji yetu ikabeba setilaiti ya Kimarekani yenye uzito wa kilo 140 na kitu. Msimamizi wa mradi huo, mwanamke aitwaye Marjorie Townsend, akaipa jina la Kiswahili: Uhuru.

Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kuchunguza eksirei za mbinguni. Ilifanya kazi mpaka mwezi wa Machi 1973, ikaandikisha mianga 339. Katika kundi la nyota ambalo Waarabu huliita Dajaja, ilitazama kitu kinachong'aa na kufifia kwa haraka ya ajabu. Uchunguzi uliofuata ukaonyesha kuwa hapo pana shimo jeusi, mahali ambapo uzito umezidi hata nuru haitoki. Mahali pengine iliona nyota iliyokwisha kufa na kubanwa, inayopiga kama moyo kila sekunde tano kasorobo. Mwaka 1972 setilaiti nyengine ilirushwa kutoka Ngomeni, ikachunguza miale ya gama, ambayo sehemu yake kubwa huzaliwa pale miale ya kosmiki inapogonga hewa iliyotawanyika kati ya nyota. Hivyo mvua ile aliyoipima Rossi kule Asmara ilitazamwa tena kutoka mlangoni kwetu. Mwaka 2002 Giacconi alipewa tuzo ya Nobel. Rossi alikuwa amefariki mwaka 1993. Roketi ya mwisho ya kupeleka setilaiti kutoka majukwaa yale ilirushwa mwezi wa Machi 1988.

Basi ndugu zetu, turudi kwa yale masemo matatu aliyotuletea mzee wetu.

La kwanza ni la yule asemaye kwamba hii ni elimu ya makafiri. Twamwuliza: jua ni la nani? Sumaku ya dunia ni ya nani? Mchunguzi haumbi kitu. Hupekua alichoumba Mola wake, amjue au asimjue. Wazee wetu walilielewa hilo. Makka iko karibu sawasawa kaskazini ya Malindi, na ukiingia katika magofu ya misikiti ya Gedi na Mnarani utakuta mihrabu imeelekea huko. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi hakuijua njia ya Bara Hindi. Alipewa rubani hapa hapa aliyemvusha mpaka Calicut. Na katika karne ya nane ya Hijra, mwekaji wa nyakati za sala katika msikiti mkuu wa Damascus alikuwa Ibn Shatir, mmoja wa mabingwa wa falaki. Imam Ghazali katika Ihya amezihesabu tiba na hisabu miongoni mwa fardhi za kifaya, yaani zikiachwa na wote, wote wameasi. Sisi twaona elimu hizi za maumbile zaingia katika mlango huo huo. Wala hatutatumia ushahidi ule uenezwao wa kutafuta elimu hata China, kwa kuwa wanavyuoni wa Hadithi wameudhoofisha. Hoja zilizo thabiti zatutosha.

La pili ni la yule asemaye kwamba kila kitu kimo ndani ya Qurani, hakuna haja ya kutafuta. Huyu asema neno lenye sura ya imani na ndani yake mna uvivu. Kila wageni wagunduapo jambo, siku ya pili yake yeye hupata aya ya kulitia. Mbona hakuipata siku moja kabla? Qurani ni kitabu cha uwongofu. Haikuteremshwa iwe daftari ya fizikia. Leo ukiifunga aya na dhana ya mtaalamu, kesho mtaalamu akaibadili dhana yake, utaipeleka wapi aya? Mtume wetu ametufundisha adabu ya jambo hili. Siku aliyofariki mwanawe Ibrahim jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa sababu ya msiba huo. Lau angekuwa mtafuta sifa angenyamaza. Lakini yeye, katikati ya huzuni yake, alisimama akawaeleza kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake, bali ni alama mbili za Mungu. Aliukataa muujiza wa uwongo hata ulipomtukuza. Na Qurani yenyewe mwisho wa Sura ya Aali Imran imewasifu wamkumbukao Mungu wakiwa wima, wameketi, na wamelala ubavu, na wenye kufikiri juu ya kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Imewasifu kwa kufikiri. Nako kufikiri ni kazi. Kwataka hisabu, na vyombo, na miaka.

La tatu ni machozi ya shangazi, na haya ndiyo yaliyotuuma zaidi, kwa kuwa ana haki ya kuogopa. Hapa pwani tumeiacha elimu ya nyota ikaanguka mikononi mwa wapiga ramli. Mtu ataka kuoa, huulizwa mwezi umo katika nyota gani. Akiambiwa umo katika Nge, harusi huahirishwa, na safari huvunjwa, na ada hulipwa. Tazameni tofauti! Nge yule yule: kuna waliomwelekea kwa chombo chao wakaona mwangaza ambao hakuna jicho lililopata kuuona, na sisi tulimwelekea kwa khofu tukawapa fedha waganga. Setilaiti iliruka kutoka bahari yetu, ikabeba neno la lugha yetu, na sisi chini yake tulikuwa tukiuliza kama siku ni njema kwa safari. Mama zetu, aliyotukataza Mtume ni kuzitazamia nyota bahati. Binti yenu akisoma fizikia ya nyota ndiye atakayekuja kuwavunjia wapiga ramli baraza zao, maana atajua kwa hisabu nyota ni nini na si nini.

Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932 kule Mombasa, aliwahimiza watu wa pwani wasome elimu za zama zao pamoja na dini yao. Karibu miaka mia imepita. Mwaka 2023 Kenya ilipeleka juu setilaiti yake iitwayo Taifa-1, nayo ilirushwa kutoka California. Ndani ya wilaya yetu mlango wa mbinguni ulifunguliwa na wageni, ukafungwa. Nasi tujihisabu: katika madrasa zetu ni wangapi waliouliza kulikuwa kukitafutwa nini? Na waliouliza, tuliwajibu nini? Sisi tumekwisha kueleza tulivyomjibu mmoja wao.

Juma lilipotimia, mzee yule alikuja. Tulimwambia: "Mzee wangu, mwache asome. Tena usimwache kwa shingo upande. Mtafutie nauli, mwulize kila likizo amesoma nini, hata usipofahamu. Mshurutishe sala zake na adabu yake, kama ungemshurutisha angesoma tiba au biashara. Na mweleze khabari ya Hiroshima, ajue kwamba elimu yake ataulizwa aliitumia wapi." Akanyamaza, kisha akauliza: "Na nduguze?" Tukamwambia: "Nduguze niletee mimi. Na shangazi yake mpe salamu zetu. Mwambie tutakuja kumtembelea na binti mwenyewe atusomeshe sote."

Basi kwa wazee wenye watoto, twawausia: msimkemee mtoto aulizapo juu ya mbingu. Kwa walimu wenzetu: semeni "sijui", kisha kesho yake mje mkijua. Kwa wenye mali: kila mwaka wako vijana waliofaulu hisabu wanaokaa barazani kwa kukosa karo, sadaka yenu yawangoja. Na kijana wetu yule wa Ngomeni, ambaye sasa ni mtu mzima popote alipo, akiyasoma haya tunamwomba radhi. Swali lake lilikuwa swali zuri. Vyombo vile vilikwenda kutazama yale ambayo hewa ilitufichia, na vikayaona.

Ewe Mola wetu, hukuyaumba haya bure. Tupe macho ya kuona, na akili ya kufahamu, na nyoyo za kunyenyekea. Uwalinde wana wetu na elimu isiyo na khofu yako, na uwalinde na khofu isiyo na elimu. Amin.